Mfano wa Mkeka

Jumatatu, 2 Machi 1936

Daftari hili nimelipata bure afisini, na kwa kuwa sipendi kitu cha bure kikae tupu, basi nitaliandika. Mimi ni Marhoun bin Hamood, mkaazi wa Jadida, Wete, Pemba, karani wa Kamati ya Maonyesho. Nina miezi miwili kazini na bado niko kwenye majaribio. Wakinithibitisha mwezi wa Juni, Mama atapumua, nami nitaacha kula kwa mikarafuu yake michache iliyobaki. Wasiponithibitisha, sijui.

Leo imekuja karatasi ya Kizungu. Mwezi wa Mei kutakuwa na maonyesho makubwa ya bidhaa huko Bombei. Watu wa visiwa na pwani zote wamealikwa kupeleka sampuli za kazi zao. Wanunuzi watatazama, na atakayependa ataagiza. Bwana Msellem, katibu wa kamati, akanipa niifasiri kabla ya adhuhuri. "Kiswahili safi, Marhoun," akasema. "Si cha sokoni."

Nimekisafisha hata kikang'aa. Nilipofika kwenye hiyo "sampuli" nikasita. Hilo ni neno la madukani, la wauza vitambaa, haliwezi kukaa kwenye ilani ya kamati. Nikaandika: "Kila fundi alete mfano wa kazi yake." Bwana Msellem akasoma mara mbili, akaniambia vyema. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Jumatano, 4 Machi

Iddi. Nyama. Sina la kuandika.

Jumatatu, 9 Machi

Ilani imepigwa chapa. Jina langu halipo popote, lakini kila neno ni langu, na nimeiweka nakala moja ndani ya msahafu wa marehemu baba, Mungu anisamehe. Jioni nikamsomea Mama alipokuwa akichagua mchele.

"Mfano wa mkeka ndio upi?" akauliza. "Ule mdogo wa kuchezea watoto, wa kulazia mabibi wa matambara?"

Nikamwambia, Mama, hii ni lugha ya afisini. Akasema haya baba, akarudi kwenye mchele wake.

Alkhamisi, 12 Machi

Nimekwenda Shumba Viamboni kusoma ilani. Gari la shamba mpaka Konde, kutoka hapo baiskeli, na kutoka mahali fulani baiskeli ikapanda juu yangu badala ya mimi kupanda juu yake, maana mvua ya jana imeshaanza kulainisha njia.

Wasusi wa Shumba wanaongozwa na Bi Mwatum binti Silima, mwanamke wa makamo, mpana, mdomo mwekundu kwa tambuu. Nilimkuta ukumbini kwake na wenzake zaidi ya ishirini, kila mmoja na ukili wake mkononi, ule utepe wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka. Hawa hawaachi kusuka hata wakisalimiwa.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba, mwanangu. Weye ndiye karani? Mie nilidhani karani mtu mzima."

Wakacheka. Nikasoma ilani kwa sauti, taratibu, kama khutba. Bi Mwatum akatema tambuu yake nje, akarudi.

"Mfano?"

"Mfano, Bi Mwatum."

"Si mkeka wenyewe?"

Niliona swali la kipuuzi. "Ilani imesema mfano," nikamwambia. "Mfano ndio unaotakiwa."

"Na ukubwa wake?"

"Ukubwa ataamua fundi mwenyewe."

Wakatazamana. Mpwa wake, Mwanabaraka, msichana mwenye ulimi mkali kuliko wote pale, akasema, "Watu wa Bombei nao wana mambo yao!" Wakacheka tena, nami nikacheka ili nionekane mtu wa watu. Sikujua nacheka nini.

Kabla sijaondoka, Bi Mwatum alinieleza jambo lililonikaa moyoni. Mikeka yao huchukuliwa na mchuuzi mmoja wa Konde, anaipeleka Unguja, na huko inauzwa kwa jina la mikeka ya Unguja. "Hata shoga yangu aliyeolewa Malindi," akasema, "kaja hapa kunionesha mkeka mzuri alioununua Unguja. Mie nikautazama, nikamwambia, shoga, huu nimeusuka mie, hapa kwenye pindo nilikosea nikiwa na homa." Anataka watu wa mbali wajue kazi ile inatoka Shumba, na waagize Shumba. Nikamwahidi kwamba kamati itahakikisha. Nilijisikia kama kamati ni mimi.

Jumanne, 17 Machi

Mvua.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Bwana Msellem amenisifu mbele ya watu kwa mwandiko wangu. Kanzu yake haipati doa hata siku za tope. Nikiwa mkubwa nataka niwe kama yeye.

Jumanne, 24 Machi

Bidhaa zimeanza kuja. Karafuu kutoka Chake Chake, kamba za makumbi, sabuni. Mfinyanzi mmoja kaleta chungu cha ukubwa wa kikombe cha kahawa. Bwana Msellem akadhani ni kikombe kweli, akakisifu, akakiandika kikombe. Mzee wa watu akaenda zake. Nimeona ajabu kidogo, kisha nikasahau.

Jumapili, 29 Machi

Mvua tangu alfajiri. Mama anasema hii masika itakuwa ya kuozesha. Ukindu ukinyeshewa huota kuvu, na rangi haikamati. Nimewafikiria watu wa Shumba.

Jumamosi, 4 Aprili

Siku mbaya. Naandika yote, maana nikiacha hata neno moja nitajidanganya.

Saa nne asubuhi Bi Mwatum na Mwanabaraka wamefika afisini, mabuibui yao mapya yametota mpaka magotini. Walitoka Shumba alfajiri, wakatembea kwenye tope mpaka Konde kupanda gari. Kapu lao walikuwa wamelifunika kwa nguo tatu, na hilo ndilo lililokuwa kavu kuliko wao. Bwana Msellem akawakaribisha vizuri, akaagiza kahawa. Nikafungua kapu mwenyewe.

Ndani mlikuwa na vijikeka. Thelathini na sita. Kila kimoja urefu wake shubiri mbili na upana shubiri moja, kimesukwa, kimeshonwa, kimepigwa pindo, kila kimoja na nakshi yake. Sijawahi kuona mikono ya watu ikifanya kitu kidogo kwa ustadi namna ile. Na hapo hapo nikafahamu. Niliwaambia walete mfano wa mkeka, nao wameleta mfano wa mkeka.

Bwana Msellem akachukua kimoja, akakigeuza, akakirudisha. "Bi Mwatum," akasema, "tumetaka mikeka. Hivi ni vitanda vya paka?"

"Ilani ilisema mfano, bwana."

"Ilani iko wazi kama mchana." Akanigeukia. "Marhoun, si uliwasomea mwenyewe?"

"Niliwasomea," nikasema.

"Basi. Watu wa shamba hawa, utawasomea mpaka ukauke mate, hawafahamu." Akasema kwa upole, kama anawaonea huruma, na hiyo ikawa mbaya zaidi.

Bi Mwatum akanitazama. Hakunikasirikia; alikuwa anangoja. Alijua nina la kusema, na mimi nilijua, na nikaangalia kidau cha wino. Basi akainama, akaanza kuvirudisha vijikeka kapuni kimoja kimoja, anavifuta kila kimoja kwa ncha ya buibui. Mwanabaraka alikuwa analia kwa hasira. Kahawa ilipoletwa walikuwa wameshaondoka.

Jumapili, 5 Aprili

Sikuweza kula. Mama kaniuliza nina homa? Nikasema ndio.

Jumatatu, 6 Aprili

Kamati imeamua Shumba itolewe kwenye orodha. Nimeandika barua hiyo kwa mkono wangu, ule mwandiko mzuri unaosifiwa.

Jumanne, 7 Aprili

Mvua. Nimemwambia Mama kila kitu. Nilidhani atanikumbusha lile swali lake la jioni ya mchele, hakunikumbusha. Akasema, "Na hao wanawake wamerudi Shumba wanajua kosa la nani?" Nikasema wanadhani ni lao. Akasema, "Basi usilale na jambo hilo, mwanangu, litakukondesha." Nikamwambia, nikisema nitafukuzwa kazi. Akasema huenda. Hakuongeza kitu.

Alkhamisi, 9 Aprili

Nimechukua ruhusa ya homa, nikaenda Shumba. Baiskeli nimeiacha Konde, ingenifia njiani.

Bi Mwatum hakunikaribisha kukaa. Alitoa ile ilani yangu, ameikunja vizuri ndani ya kijaluba cha tambuu, akanipa. "Nisomee tena, karani. Mie hizi herufi za Kizungu sizijui. Nataka nijue wapi tulipokosea."

Nikasoma. Nilipofika kwenye "mfano" nikaishusha karatasi. Nikamwambia, "Hamkukosea. Nimekosea mimi. Walitaka sampuli. Kitu chenyewe, kimoja, cha kuonesha. Mimi nikaona neno sampuli halina heshima."

Mwanabaraka akasema kutoka jikoni, "Sampuli! Hata bibi yangu kipofu anajua sampuli! Ukenda dukani kwa Muhindi, unasema nipe sampuli ya kitambaa, anakukatia kipande!"

"Najua," nikasema.

"Unajua! Na hukusema! Umekaa pale unatazama wino!"

"Mwanabaraka, mwache," akasema Bi Mwatum, lakini hakulisema kwa nguvu. Nilitaka ardhi ipasuke. Nikawaomba radhi wote waliokuwapo, kila mmoja kwa jina, na wale ambao sikuwajua majina nikawauliza. Bi mmoja mzee akasema haya tumekusamehe, lakini akasema kwa sababu alitaka ninyamaze aendelee na kazi.

Kisha wakaanza kuhesabu siku. Stima inaondoka Wete Jumatatu ya tarehe 20, inaipata meli ya Bombei Unguja. Siku kumi na moja. Mkeka mmoja mkubwa wa kwenda ng'ambo, kwa ukili mzuri, haupungui wiki tatu, tena kwa jua. Na jua hakuna. Ukindu wote wa rangi waliumaliza kwenye vile vijikeka, na ule mpya uliokatwa umeota madoa meusi. Mmoja akasema bora tuache. Wa pili akasema tuache.

Bi Mwatum alikuwa amevipanga vijikeka sakafuni, sita kwa sita, sijui kwa nini, labda kwa kuviaga. Mwanabaraka alipita na maji akasimama. "Shangazi," akasema, "mkeka si ukili uliounganishwa?"

"Ndio nini?"

"Si tuviunganishe?"

Nilipima kwa shubiri zangu mwenyewe, kwa magoti. Shubiri sita kwa kumi na mbili. Mkeka kamili wa kulalia watu wawili. Bi Mwatum akaniangalia pale chini sakafuni, akacheka mara ya kwanza tangu niingie. "Tutahitaji ukili mweupe wa kutenga kila kimoja," akasema. "Huo hautaki rangi. Tutaukausha juu ya meko. Na weye, karani, utafanya nini?"

"Nitakwenda kamatini," nikasema.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimesema. Wanakamati watano wamekaa, Bwana Msellem katikati. Nikasimama nikasema: neno lilikuwa langu, si kosa la Shumba, waliniuliza, nikawajibu kwa kiburi, na siku ile hapa afisini nilijua nikanyamaza. Nikaomba warudishwe kwenye orodha, nikasema wanaunganisha kazi yao iwe mkeka mmoja, utakuwa tayari kabla ya stima.

Bwana Msellem aligeuka rangi. Aliniambia maneno makali, na mengine yalikuwa haki: kwamba afisi inayokosea neno moja inapoteza watu mia, na kwamba yeye aliisoma ilani ile akaipitisha kwa kuniamini. Nilikuwa sijalifikiria hilo, kwamba na yeye nimemwaibisha. Lakini akamaliza kwa kusema, "Na ungenyamaza, nani angejua?" Hapo nikamwona mtu mwingine ndani ya kanzu ile nyeupe.

Mzee mwenye duka la nguo, mwanakamati, akauliza, "Vipande thelathini na sita, kila kimoja nakshi mbali?" Nikasema ndio. Akasema, "Uje tuuone." Basi. Wakaandika: ukaguzi Jumamosi ijayo, saa tatu. Ukiwa mkeka, utakwenda. Na habari yangu itazungumzwa mwezi wa Juni.

Jumapili, 12 Aprili

Shumba, kwa ruhusa ya wiki moja ya kamati. Mvua. Wamegawana: kumi wanasuka ukili mweupe, wanne wanashona, wengine wanakausha ukindu kwenye meko za nyumba saba. Kijiji kizima kinanuka moshi.

Jumatatu, 13 Aprili

Ugomvi. Nani akae katikati? Kila mtu anataka kipande chake kiwe pale jicho linapoangukia kwanza. Mawifi wawili hawasemezani tangu asubuhi. Bi Mwatum amekata shauri: watakaokaa katikati ni hao mawifi, mmoja ubavuni mwa mwenziwe, wakae hivyo mpaka Bombei. Watu wamecheka hata hao wawili wakacheka.

Jumanne, 14 Aprili

Mimi sijui kushona, shazia imenitoboa kidole mara tatu, wakaninyang'anya. Nikapewa kazi yangu: kuandika orodha, kila kipande namba yake, jina la msusi na jina la nakshi. Nilidhani ni kazi ya saa moja.

Kumbe majina ya nakshi hayasemwi ovyo mbele ya wanaume. "Hii inaitwaje?" "Haina jina." "Haina?" "Iandike tu Maua." Mwanabaraka akawazomea, "Semeni! Mnataka mtu wa Bombei aagize Maua, apelekewe jamvi?" Basi yakatoka, moja moja, na vicheko. Njia ya Konde. Jicho la Kuku. Kalala na Njaa. Nimemkinai. Mume Kaenda Shamba. Ile ya Bi Mwatum inaitwa Sikuombi Chumvi, aliisuka mara ya kwanza mwaka aliogombana na jirani yake, na jirani mwenyewe yuko pale anamshikia uzi.

Kila jina nililoandika niliwasomea, kisha nikauliza, mmefahamu nini? Mara tano walifahamu kitu kingine kabisa.

Jumatano, 15 Aprili

Paa la Bi Mwatum limevuja. Tone moja tu, lakini limeangukia kipande cha Mwanabaraka, na rangi nyekundu imechuja mpaka kwenye ukili mweupe. Hakulia. Alikifumua kipande chote mbele yetu akasema, "Nipeni ukindu." Mwekundu haupo. Bi mmoja akatoa ukili wa msala wa kuswalia aliokuwa akimsukia bintiye kwa harusi yake, akampa. Mwanabaraka kakaa mlangoni kwenye mwanga tangu asubuhi, hakuinua kichwa ila kuswali. Nimempelekea maji, akayapokea. Si neno dogo hilo, kwake.

Ijumaa, 17 Aprili

Jua! Saa mbili nzima za jua. Wameutandaza uwanjani na watu wote wakausimamia kama anaangaliwa mgonjwa.

Jumamosi, 18 Aprili

Wameuleta kichwani, wameukunja ndani ya turubali, wanawake sita. Ukafunuliwa juu ya sakafu ya afisi. Nilikuwa nimeshauona, lakini afisini, kwenye chokaa nyeupe, uliwafanya watu wasogee nyuma wasije wakaukanyaga.

Mzee wa duka la nguo akavua viatu, akachutama, akaanza kupita kidole: kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alipomaliza mstari mmoja akainua uso. "Nani kafikiria hii?"

"Imetokea tu," akasema Bi Mwatum.

"Mimi dukani kwangu nina kitabu," akasema yule mzee. "Kimebandikwa vipande vya kitambaa. Mteja anaweka kidole, anasema nataka hiki, hicho kinaletwa. Mikeka mikubwa kumi ingemwonesha mtu nakshi kumi. Huu unaonesha thelathini na sita, na unakunjika." Akainuka, magoti yakalia. "Hii ndiyo sampuli, bibi. Upelekeni."

Mwanabaraka aliniangalia mimi wakati neno hilo linatajwa, akainua nyusi. Nilistahiki.

Jumatatu, 20 Aprili

Umekwenda, na nakala ya orodha yenye namba ndani yake. Kwenye turubali nimeandika kwa wino usiofutika, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili: Kutoka kwa Bi Mwatum binti Silima na wenzake, Shumba Viamboni, Pemba. Bwana Msellem aliniuliza kwa nini sikuandika jina la kamati peke yake. Nikasema kwa sababu kamati haijui kusuka.

Sijui nilipata wapi ulimi ule. Nimekwisha.

Jumapili, 3 Mei

Mvua. Afisini natumwa kama mpagazi.

Jumapili, 10 Mei

Leo maonyesho yanafunguliwa. Mama kaniuliza saa ngapi huko Bombei, kisha kaomba dua, akaitaja Shumba kwa jina.

Alkhamisi, 14 Mei

Kimya.

Ijumaa, 22 Mei

Kimya. Nimekutana na mchuuzi wa Konde sokoni, kaniuliza hao wanawake wa Shumba wamepatwa na nini, wamegoma kumuuzia kwa bei ya zamani, wanasema wanangoja barua. Nikaogopa. Barua isipokuja, nitakuwa nimewaponza mara mbili.

Jumatatu, 1 Juni

Sikuthibitishwa. Karatasi ilikuwa fupi na haikuwa na kosa hata moja la lugha, nimetafuta. Bwana Msellem alinipa mkono, akasema ana majuto, na nadhani kweli anayo. Nimekabidhi funguo, nikapita sokoni, nikamnunulia Mama samaki ili nisiingie mikono mitupu.

Mama alisoma usoni kwangu kabla sijavua viatu. Akasema, "Basi tule kwanza." Baada ya kula nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Sijutii niliyosema kamatini. Nililia tu kwa sababu nilikuwa naipenda kazi ile.

Jumatano, 3 Juni

Maulidi. Mvua imepungua. Nimekaa nyuma.

Jumatatu, 8 Juni

Tarishi wa kamati kaja nyumbani, kaniambia kuna barua ya ng'ambo imefika, wao wameifungua kisha wakaona si yao. Imeandikwa anwani kama nilivyoandika kwenye turubali: Bi Mwatum binti Silima na wenzake. Hawajui wamfikishieje. Nikamwambia nipe mimi, Alkhamisi nitakwenda.

Sikuisoma. Wallahi sikuisoma, ingawa bahasha ilikuwa wazi. Si yangu.

Alkhamisi, 11 Juni

Jua kali, njia kavu, nimefika Shumba juu ya baiskeli kama mtu.

Wamekusanyika wote. Nikaitoa bahashani, nikaisoma kwanza kwa Kiingereza, wakataka waisikie hivyo hivyo ingawa hawakielewi, wakasikiliza kwa heshima. Kisha nikaifasiri, na safari hii kila neno nililipima. Mwenye hoteli moja ya Bombei anataka mikeka mikubwa sitini ya barazani: ishirini namba kumi na nne, ishirini namba thelathini na tatu, na ishirini namba tisa. Na anauliza kama watu wa Shumba wanaweza kumletea mingine kila mwaka baada ya masika.

"Namba kumi na nne ndiyo ipi?" akauliza Bi Mwatum.

Nikatazama orodha. "Sikuombi Chumvi."

Jirani yake ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, kisha ukumbi wote ukaripuka, na watu wa nje wakaja mbio wakidhani kuna harusi. Namba tisa ni Kalala na Njaa, ya yule bi mzee aliyenisamehe ili ninyamaze. Alifunika uso kwa upande wa kanga, mabega yakawa yanatikisika. Namba thelathini na tatu ni ya Mwanabaraka, ile aliyoifumua akaisuka tena mlangoni. Yeye hakupiga kigelegele. Alikaa chini tu, pale pale alipokuwa amesimama, akasema, "Mie?"

Walipotulia, Bi Mwatum akanigeukia. "Sasa hii itajibiwa na nani?"

"Kamati ina karani mpya," nikasema.

"Tumesikia habari yako. Shumba si mbali hivyo." Akatafuna tambuu kidogo. "Sisi tunataka karani wetu. Mshahara hatuna bado; utapata fungu kwenye kila mkeka, kama mshonaji. Lakini kuna sharti. Kila utakachoandika utusomee kwanza, nasi tukwambie tumefahamu nini. Tukifahamu sivyo, unafuta. Unaweza hilo, au heshima yako itaumia?"

"Naweza, Bi Mwatum."

"Mwanabaraka, mletee karani meza."

Hawana meza. Wakageuza kinu, wakaweka ubao juu yake. Nikachovya kalamu, nikaandika mstari wa kwanza, nikausoma kwa sauti, na kabla sijavuta pumzi wanawake kumi wakanikatiza. Nikafuta. Nikaandika tena, wakanikatiza sita. Barua ina mistari saba, tulianza baada ya adhuhuri na tumeitia sahihi alasiri, na kila mwanamke aliyemo ukumbini anaijua kwa moyo na anaweza kukusomea sasa hivi bila kuitazama.